Nilifuta Sauti ya Kipa

Wapendwa, nawasalimu. Mama mchungaji aliponiambia zamu ya kusimama ni yangu, nilimjibu kwamba habari yangu ni ya aibu. Akasema, "Basi anzia hapo kwenye aibu." Mume wangu amekaa pale nyuma karibu na dirisha, ameniruhusu. Wengine sitawataja majina.

Mimi, ndugu zangu, niliionea wivu timu ya mpira. Chekeni tu. Hata mimi mwanzoni nilijicheka.

Kabla ya kuja Kanada, mume wangu aliishi Uhispania miaka sita. Alifika kwenye mji mdogo wa mashamba ya mizeituni, hana karatasi, hana pa kulala. Klabu ya mpira ya pale ikampa kitanda katika chumba cha chini ya jukwaa la uwanja. Asubuhi akawa anakata nyasi, jioni anacheza beki. Basi klabu ilipotaka kuandika historia yake, sisi tukiwa tayari hapa Kanada, yeye akajitolea kuwapigia simu wazee na kuwarekodi, maana alisema vijana wa pale hawana muda nao.

Kila Jumamosi asubuhi, kule kwao ikiwa mchana, anakaa jikoni kwetu Weston anaongea Kihispania. Mimi Kihispania sijui hata neno la kuombea maji. Nasikia tu anacheka, kicheko ambacho mimi sikuwa nakipata. Halafu kwenye simu nasikia mwanamke, Jumamosi hii na Jumamosi ijayo, anamwita kwa jina ambalo mimi sijawahi kumwita.

"Huyo nani?" nikamuuliza.

"Watu wa klabu."

"Watu wa klabu wana sauti laini hivyo?"

Akatabasamu, akafunga kompyuta. Wapendwa, lile tabasamu liliniuma kuliko tusi.

Nikaanza kumpekua. Nikakuta picha ya timu, mume wangu kijana, mwembamba, na pembeni mwanamke amemwekea mkono begani. Nikaikuza ile picha mpaka nikaona hereni zake. Kazini kwangu nawahudumia wazee. Nilikuwa namlisha bibi wa watu uji huku moyoni nagombana na mtu aliye ng'ambo ya bahari. Bibi akaniambia, "Mama, kijiko kimefika puani."

Jumamosi moja mume wangu aliitwa kazini ghafla, akaiacha kompyuta mezani, wazi. Nikaona folda ya klabu, ndani yake rekodi kumi na tisa. Nikafungua ya kwanza niliyoiona. Kitu cha kwanza kusikika ni yule mwanamke, anacheka. Sikungoja aseme neno. Nilifuta zote kumi na tisa, nikaenda na kwenye pipa la taka la kompyuta nikalimwaga. Kisha nikaosha vyombo. Nawaambia ukweli, nilijisikia vizuri.

Mume wangu alitafuta siku nne. Akadhani ni yeye aliyekosea. Alikuwa mkali kwangu na kwa binti yetu, halafu akaja kuniomba msamaha kwa ukali wake. Aniombe msamaha mimi! Nami nikamwambia, "Si neno, baba."

Wiki ya tatu ikaja habari kwamba kipa wa zamani wa klabu amefariki. Familia inaomba ile rekodi yake, waisikilize siku ya kumuaga. Mume wangu akaandika barua, akanitafsiria ili nimwambie kama imekaa vizuri. "Nimeipoteza sauti ya baba yenu kwa uzembe wangu." Alipofika kwenye neno "uzembe" sauti ikamkatika.

Nikasema, "Usiitume. Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Nilifuta mimi. Nilimsikia yule mwanamke anacheka."

 Akasema taratibu, "Ulimsikia anayecheka. Aliyekuwa anamchekesha ni baba yake. Huyo ndiye kipa."

Nikamuuliza lile lililokuwa kooni mwangu muda wote. Naye akakiri. Walikuwa wachumba, miaka mingi kabla hajanijua, na hakuwahi kuniambia. Kwa hiyo wivu wangu haukuwa wazimu mtupu. Lakini kuwa na sababu hakukunipa ruhusa ya kufuta.

Alichukua koti, akaenda kwa dada yake kule Pickering. Alikaa siku tisa. Binti yangu aliniuliza, kwa Kiingereza kama kawaida yake, baba anarudi lini.

Siku ya tano niliitafuta namba ya yule mwanamke kwenye kompyuta, nikampigia mwenyewe. Yeye ni mwalimu, Kiingereza anakijua. Nilimweleza yote, wivu, hereni, kila kitu. Akalia. Akasema, "Siwezi kukuambia kwamba si kitu. Ila mwambie mumeo aandike anayoyakumbuka, kabla naye hajasahau."

Mume wangu aliporudi tukaanza hivyo. Yeye anasimulia, mimi naandika. Hapo ndipo nilipoijua klabu ile. Ilianzishwa na mafundi wa tofali. Uwanja wa kwanza ulikuwa na mteremko, wageni wanalalamika kila mechi. Walinunua magoli kwa kuchezesha bahati nasibu ambayo zawadi yake ni paja la nguruwe. Na yule kipa alikuwa mwoka mikate, akija uwanjani moja kwa moja kutoka kwenye tanuri, nyusi zina unga. Wazee wengine waliobaki walikubali kupigiwa simu tena, wakahojiwa upya. Kitabu kimetoka, chembamba. Sauti ya kipa haikupatikana, wala haitapatikana.

Namshukuru wifi yangu wa Pickering, alimpokea kaka yake na hakuniongezea moto. Nawashukuru ninyi kina mama mlioketi nami zile siku tisa. Namshukuru yule mwanamke, ambaye hakunidanganya kwamba nimemuumiza kidogo. Nawe, mume wangu, asante kwa kurudi.

Ninalowaachia ni hili. Ukishikwa na wivu, uliza, hata kwa kelele, uliza. Usipeleke mkono kwenye kitu ambacho huwezi kukirudisha. Sisemi wivu umeniisha. Jumamosi iliyopita simu ya mume wangu iliita, nikaona jina lake yule mwanamke, na moyo ukaruka palepale. Nikaipokea mwenyewe, nikamsalimu, nikamuuliza hali ya mama yake, ndipo nikamwita mume wangu.