Theodosia Niyubahwe na Karanga za Shamba Jeupe

Marehemu Theodosia Niyubahwe alizaliwa Munanila tarehe 14 Machi 1968. Alisoma hapohapo hadi darasa la saba, mwaka 1983. Mwalimu wake alimkumbuka kwa jambo moja: akiambiwa kitu, alitaka aonyeshwe.

Tarehe 8 Julai 1989 alifunga ndoa na Stanislaus Ndihokubwayo wa Makere, Kasulu. Walijaliwa mtoto mmoja, Uwimana, ambaye ndiye anayewasomea haya. Stanislaus alifariki mwaka 2009. Kabla matanga hayajaanuliwa, ukoo ulimkabidhi mjane kipande cheupe cha shamba kando ya machimbo ya chokaa, mahali ambapo karanga ziligeuka njano kabla ya kutoa ua. Walimcheka waziwazi.

Hakununa. Alimfuata bwana shamba Nurudini huko Kibondo, na majani machanga mfukoni: njano tupu, mishipa tu ndiyo kijani.

"Mama, chuma kimo ardhini, ila chokaa imekishika," Nurudini alimwambia. "Ukimwaga dawa chini, nayo itashikwa. Yalishe majani."

Tangu hapo alipulizia majani dawa ya chuma kwa bomba la mgongoni, na karanga zake zikawa za kijani kila msimu. Wanunuzi walitoka hadi Nyarugusu. Vicheko viliwakauka watu mdomoni.

Oktoba 2025 shemeji yake, Hatungimana, alilichukua shamba. "Mjane ni mgeni," alisema, na ukoo ukaitikia. Kwa kuwa wenye udongo mwekundu walikuwa wamefanikiwa kwa chokaa, naye akamwaga magunia ya chokaa. Theodosia alimtumia ujumbe: "Shemeji, hapo chokaa imejaa tele, usiongeze." Hakusikia. Karanga zilipogeuka njano, alitangaza kwamba mjane ameliroga shamba.

Tarehe 11 Desemba Theodosia, aliyekuwa akiugua moyo tangu 2023, alitolewa kitandani akazungushwa shamba lile pekupeku, mvua ikinyesha, ili aondoe alichoacha. Wengi mliokaa hapa mlikuwepo. Mmoja wenu alimshikia Hatungimana mwavuli. Katika mzunguko wa pili Theodosia aliinama, akashika jani, akasema, "Hizi bado zinapona." Akasukumwa.

Kesho yake alilazwa Kabanga, na tarehe 19 saa tatu asubuhi akafariki. Aliomba azikwe shambani kwake. Hatungimana alikataa, ndiyo maana tuko kwenye makaburi ya parokia.

Ameacha binti mmoja, wajukuu wawili, na shemeji aliyekaa mstari wa mbele. Hospitalini Uwimana alimsihi asimwachie mtu huyo neno lolote. Mama akajibu, "Mwana wanje, karanga hazijanikosea. Msomee kipimo, watu wasikie. Kila akitafuna, ajue nani anamlisha."

Basi, baba mdogo, sikiliza. Salfeti ya chuma, vijiko vitano vya chakula, vilivyosawazishwa. Maji lita kumi na tano. Pulizia majani jua likipoa, urudie baada ya siku kumi. Chokaa, usiongeze.

Mungu ampumzishe Theodosia mahali ambapo hatazungushwa tena.