Damu ya Leo au ya Zamani: Mama Ramla Bilali Anatuaga

Baada ya miaka thelathini na moja katika ofisi ya mafaili ya hospitali yetu, Mama Ramla Bilali anastaafu tarehe 31 Machi. Amechoka, na hafichi.

Alianza mafaili yakifungwa kwa kamba. Kazi yake ilikuwa kugeuza maneno ya madaktari kuwa namba za magonjwa zinazohesabiwa mkoani. Alipita vita na paa linalovuja, lakini husema kilichomzeesha ni mwandiko wa madaktari.

Kilichomsumbua zaidi ni damu inayovuja taratibu kuzunguka ubongo. Madaktari waliandika "damu kichwani", basi. Wagonjwa hao wakahesabiwa pamoja na wa kiharusi, na chumba cha upasuaji hakikuletewa vifaa vyao. Kwa hiyo alipanda ngazi na faili mkononi: "Docteur, hii damu iko ya leo ao ya zamani? Upande gani? Mugonjwa alianguka?" Wengine walimwona wakabadilisha njia.

Mwaka juzi mume wake, Papa Jafari, fundi wa kushona nguo, alianza kuburuta mguu wa kushoto na kusahau majina ya wateja. Nyumbani walisema ni uzee, na Mama Ramla alikubali. Vitambaa vilipoanza kumponyoka mkononi, akamleta kwetu. Docteur Jérémie akauliza kama Papa Jafari alianguka.

"Hapana," Mama Ramla akajibu.

"Nilijigongaka kichwa ku mulango ya atelier yangu ya kushona, mbele ya mwezi wa Ramazani," Papa Jafari akasema polepole. "Sikukuambia juu ungenikataza kazi."

Mama Ramla akaketi kwenye benchi. Swali hilo alilipeleka kila wodi. Nyumbani kwake hakuliuliza.

Papa Jafari alikutwa na damu hiyo kichwani, akapasuliwa, akapona, ingawa mguu bado mzito. Tulitaka Clémence, mwenzake wa ofisini, ashughulikie faili lile. Mama Ramla akakataa, akaandika mwenyewe: damu ya zamani, upande wa kulia, alijigonga. Kisha akaomba kurudi nyumbani mapema. Hatukuwahi kumsikia akiomba hivyo.

Sasa madaktari wengi wanaandika kikamilifu, na vifaa vichache vimefika. Wa kushika nafasi yake hajapatikana. Clémence amebaki peke yake, na umeme unakatika kama kawaida.

Mama Ramla, asante. Tutajitahidi tusikupigie simu. Lala mpaka jua lipande, kisha mkae na Papa Jafari mnywe chai bila haraka. Mungu awape siku njema, nyingi na za utulivu.