Kijiti Chenye Kitambaa

Ndani ya basi, nyuma yangu, mtunza bustani alikuwa anajisifu kwa mama aliyekaa naye jinsi yeye na wenzake walivyoligeuza lile jalala la zamani la manispaa kuwa bustani. "Tumelifukia lote, tumepanda nyasi. Watoto watacheza." Mama akauliza, "Na kile kijiti chenye kitambaa?" "Vile vijiti? Takataka tu, mama. Niling'oa vyote mwenyewe." "Sisi waokota chupa tulikuwa tunachomeka kijiti pale lundo lilipomfukia mtu. Changu kilikuwa cha binti yangu. Hatukumpata." Nikajifanya nasoma tiketi, kana kwamba tiketi ina hadithi.

Basi likasimama mbele ya lango la bustani. Mama akainuka. "Twende ukanionyeshe ulipoking'oa, mwanangu." Yule bwana hakuinuka. "Mama," akasema, "vilikuwa kumi na kimoja."