Sefu Athumani na Kadi Moja Isiyo na Shahidi

Tarehe 30 Juni 2009 Mzee Sefu Athumani anastaafu, baada ya miaka thelathini na mitano katika ofisi yetu ya kamusi hapa Gitega. Nimeombwa kuandika kwa furaha. Nitajitahidi, ingawa wenzangu wanajua kwamba mimi, Baguma, ni mtu wa kushuku hata chai ikiletwa kabla sijaiagiza.

Alianza mwaka 1974, kijana wa Muyinga, mtoto wa fundi cherehani. Kazi yake ilikuwa kukusanya Kiswahili kama kinavyosemwa sokoni na majumbani, na kukiandika kwenye kadi. Mbele neno, maana, asili na sentensi moja. Nyuma jina la shahidi, yaani mtu aliyesikika akiisema sentensi hiyo. Kadi isiyo na shahidi alikurushia mezani. Mimi alinirudisha hadi kijiji cha Buraza kwa baiskeli, mvua inanyesha, nikamtafute shahidi wa neno moja la kupura maharage. Jamani, siku hiyo nilimchukia!

Neno alilolipenda kuliko yote ni "jeuri". Masheikh wa Muyinga walimweleza kwamba katika Kiarabu asili yake ni dhuluma, uonevu wa mwenye nguvu. Kwetu likawa ufidhuli, kisha likamfikia hata mnyonge anayethubutu kumkatalia mkubwa. Sefu alituchosha nalo: neno la mwonevu limehamia kwa aliyeonewa!

Sentensi ya neno hilo aliipata Muyinga mwaka 1986. Wauza mchele walikuwa wameamriwa na wakubwa wa mji kuhamisha meza zao, wakagoma. Mmoja wao, mwanamke, akimmiminia chai, akamwambia: "Jeuri hii, ni wao walitufundisha." Sefu akaandika, na jina la mama huyo nyuma.

Kadi ikaonyeshwa kwa wageni, na maneno yakasafiri. Wiki hiyo hiyo wakaja watu wawili wenye suti, wanatabasamu bila sababu. Walitaka jina la mwanamke huyo, maana waliamini ndiye aliyechochea mgomo. Wakaipindua kadi. Nyuma ilikuwa imekwanguliwa kwa wembe. Kadi elfu nne zina shahidi, hii haina! Sefu akasema hakuna mwanamke yeyote, sentensi ameitunga mwenyewe.

Wakamchukua, wakamshikilia siku kumi na tisa. Aliporudi alikuwa amekonda, na ukuu wa chumba chetu amenyang'anywa. Sisi tukamwamini kwa ubaya: kumbe mzee wa mashahidi anatunga! Nilizipitia kadi zake zote nikitafuta uongo mwingine. Sikupata, na hilo nalo nikalishuku. Kwa miaka ishirini na mitatu sikumtuma mtu kwake kuuliza neno bila kumwambia ahakikishe kwingine. Alijua.

Mwezi uliopita nilikuwa Muyinga kwa kazi. Muuza mchele mmoja, Mama Kulthumu, akaniuliza kama ni kweli Sefu anastaafu. Nikamuuliza anamjuaje. Akacheka, kisha akalia. "Mi ndo nilisema ile maneno. Alipofunguliwa alinitumia ujumbe tu: tusijuane. Nyumba ya baba yake iko pale, ng'ambo ya barabara. Tunapishana kama watu wa nchi mbili."

Nilimuuliza kama tuendelee kulificha jina lake. Akasema waliomtafuta wamekwisha kufa au kuzeeka, na yeye hana cha kuogopa tena. Aandikwe nyuma ya kadi, kwa jina lake lote.

Mzee Sefu, asante kwa kila neno ulilotuletea, na kwa Buraza pia. Mimi niliyekuita mwongo nyuma ya mgongo wako, nisamehe. Naona aibu mbele yako, kweli. Urudi Muyinga kwa afya, ukae barazani kwako, ule vizuri, na majirani wakujulie hali kila asubuhi.

Sasa iweke karatasi hii chini, uinue macho ukumbini. Mama Kulthumu amekaa safu ya kwanza, kitenge cha kijani. Msalimie, mbele yetu sote.