Shoki za Skuta ya Maalim Aidarus

KHUBAIB: Haloo. Haloo, nani mwenzangu? Sauti yaja nusunusu.

NAJLA: Assalaam alaykum, fundi. Ni Najla wa Kibokoni, bintiye Maalim Aidarus. Nimeazima simu ya Jannat, jirani yangu, maana namba yangu ukiiona huwa uko chini ya gari.

KHUBAIB: Waalaykum salaam warahmatullah. Dadangu Najla, hujambo? Mume hajambo? Watoto, mzee—

NAJLA: Hatujambo sote. Watoto wamekua tangu skuta ya babangu ije kwako Mbaraki. Mdogo ameota meno mawili.

KHUBAIB: Mashallah.

NAJLA: Na yameota bila kungoja spea.

KHUBAIB: (Akikohoa.) Nakuelewa. Lakini kazi ya shoki za mbele, zile zinazozuia mtikisiko, yataka utulivu. Mafuta yalikuwa yavuja kwa sababu sili, vile vipete vya mpira vinavyoyazuia yasitoke, zilikuwa zimechoka. Sasa sili za skuta ile—

NAJLA: Wiki ya kwanza hazikuwepo Mombasa nzima. Wiki ya pili zikawa zatoka Nairobi. Wiki ya tatu ziko njiani. Zaja kwa miguu?

KHUBAIB: Barabara ina mambo yake.

NAJLA: Basi zipumzike. Jana nimezinunua mwenyewe, duka la spea nyuma ya Marikiti. Mbili, mpya. Mwenye duka aliniuliza nataka ngapi, anazo kasha zima. Fundi? Umekatika?

KHUBAIB: Nipo. Ni kwamba si kila sili—

NAJLA: Nilimwonyesha kitabu cha skuta.

KHUBAIB: Hata hivyo sili peke yake haitoshi. Yale mabomba ya shoki yameliwa na hewa ya chumvi, yana vidoa vya kutu. Kutu huikwaruza sili mpya, mwezi haufiki mafuta yanashuka tena mpaka kwenye breki. Breki yenye mafuta haishiki. Afadhali kubadilisha shoki zote mbili.

NAJLA: Alhamdulillahi, tumetoka kwenye sili, tumefika kwenye shoki. Baada ya shoki tubadilishe nini, barabara?

KHUBAIB: Nakueleza polepole tu, dadangu.

NAJLA: Hiyo polepole tunaiona. Sikiza, Khubaib. Mzee wangu ana miaka sabini na mbili, na wiki tatu hajakwenda chuoni Majengo kusomesha Kurani. Watoto wanamuulizia. Nikimwambia nimwitie tuktuk, hataki, ati angoja skuta yake. Kutwa amekaa dirishani, hata kula amepunguza. Mtu asiyesomesha nani atamwita maalim? Nataka Jumamosi arudi chuoni.

KHUBAIB: Hata mimi nataka arudi.

NAJLA: Ndiyo, na kutaka kwako kunaonekana. Basi nimekupunguzia kazi. Ziad, mume wangu, ameazima pikapu. Yuko njiani kuja kwako aichukue skuta, aipeleke Kibarani kwa Kaingu.

KHUBAIB: Kaingu? La, la. Kwa Kaingu usipeleke.

NAJLA: Kwa nini? Si fundi?

KHUBAIB: Fundi mzuri.

NAJLA: Mwizi?

KHUBAIB: Hasha. Mtu mwaminifu sana.

NAJLA: Basi ana nini?

KHUBAIB: Ataimaliza leo.

(Mtandao unakwaruza.)

NAJLA: Labda ni mtandao. Nimesikia ati kosa la Kaingu ni kwamba yeye hutengeneza?

KHUBAIB: Najla—

NAJLA: Na mafundi wenziwe hawajamkanya? Mkimshtaki niiteni, nitakuja kutoa ushahidi.

KHUBAIB: Skuta ni nzima.

NAJLA: Nini?

KHUBAIB: Iko tayari tangu siku ya nne. Shoki mpya, sili mpya, mafuta mapya, breki nimezisafisha. Nimeifunika turubai huko nyuma.

NAJLA: Siku ya nne. Na siku zote hizi ulikuwa ukiilaza usingizi?

KHUBAIB: Niliombwa.

NAJLA: Na nani?

KHUBAIB: Dadangu—

NAJLA: Khubaib. Na nani?

KHUBAIB: Na mwenyewe. Kila Jumamosi hunipigia simu. "Khubaib, usiharakishe." Nami yeye ndiye aliyenisomesha, tangu alifu. Neno lake nilivunje vipi?

NAJLA: Babangu? Babangu yuakutukana hapa asubuhi na jioni. Jana alisema wewe mvivu, hata kivuli chako hufika baada yako.

KHUBAIB: Hilo nalijua. Alinambia kwanza kwenye simu, akaniuliza kama halijazidi.

NAJLA: Ukamwambiaje?

KHUBAIB: Nikamwambia ni la adabu.

(Kicheko kidogo, kinakatika.)

NAJLA: Sielewi. Mtu akipenda skuta yake vile, kwa nini aifiche?

KHUBAIB: Hii ni amana ya watu, dadangu. Sikupaswa kufika hapa.

NAJLA: Ushafika. Na pikapu nayo yaja.

KHUBAIB: (Akipumua.) Alikwambia nini kuhusu siku ile skuta ilipoharibika?

NAJLA: Kwamba shoki zilimwaga mafuta, skuta ikamshinda, akaenda kuigonga baraza ya msikiti.

KHUBAIB: Shoki zikivuja tu, huwa zimenyooka. Hizi zilikuja kwangu zimepinda kwa nyuma, zote mbili sawasawa, na tairi lina chokaa. Baraza ndiyo iliyozipinda. Mafuta yalianza kuvuja baadaye.

NAJLA: Basi ni breki. Umesema mwenyewe mafuta yakishuka—

KHUBAIB: Breki zilikuwa zashika. Hata hivyo nilikwenda pale nikatazama chini, mara mbili. Hakuna alama ya tairi, hata kidogo. Hakuzikamata, Najla. Mtu akiliona jambo mbele yake, mkono hukamata breki wenyewe.

(Kwa mbali honi ya tuktuk.)

NAJLA: Baraza ile ameikalia miaka arobaini.

KHUBAIB: Naam.

NAJLA: Na ilikuwa saa nne asubuhi.

KHUBAIB: Jua kali.

NAJLA: Siku hizi hunipa simu yake nimsomee ujumbe. Asema kampuni imepunguza herufi. Nami nikacheka, nikamwambia ataka kusomewa kama sultani. Juzi alimimina chai pembeni ya kikombe, nikamwambia... wacha nilivyomwambia.

KHUBAIB: Mimi sijasema kitu kuhusu macho.

NAJLA: Wala mimi sijasikia. Umeniambia habari za mabomba tu.

KHUBAIB: Mamangu alikuwa vivyo hivyo. Mtoto wa jicho. Alificha mwaka mzima. Alipofanyiwa operesheni, siku ya pili alinitazama akaniuliza kama mashati yangu huoshwa au husomewa dua.

NAJLA: Kumbe alipona kweli.

KHUBAIB: Kupita kiasi. Lakini Maalim ukimwambia waziwazi twende kwa daktari—

NAJLA: Hatakwenda. Atasema mtu hapimwi macho kwa sababu ya fundi mvivu.

(Mlio wa onyo simuni.)

NAJLA: Salio la Jannat hilo, laisha.

KHUBAIB: Na hapa nje pikapu imesimama. Ziad yuashuka. Nimwambie nini?

NAJLA: Mwambie shoki zimekataa. Mwonyeshe kitambaa chochote chenye mafuta.

KHUBAIB: Hataamini.

NAJLA: Ziad? Huyo hutia petroli kwa kuonyeshwa tundu. Arudi na pikapu tupu, nyumbani nitamweleza mwenyewe.

KHUBAIB: Na Maalim?

NAJLA: Jumatatu nakwenda kupimwa macho.

KHUBAIB: Yako yana nini?

NAJLA: Hayana kitu. Lakini nitamwambia naona ukungu, naogopa kwenda peke yangu. Bintiye akisema aogopa, huvaa viatu kwanza ndipo aulize wapi. Tutapanda tuktuk mlangoni. Kwa kunisindikiza atapanda.

KHUBAIB: Na mkifika, asipotaka kukaa kwenye kiti?

NAJLA: Nitaanza mimi. Si wana ule ubao wa herufi ukutani? Nitausoma makosa matupu, tangu juu mpaka chini. Umesoma kwake, wamjua. Mtu hawezi kusoma vibaya mbele yake akanyamaza. Atanambia ondoka, atakaa yeye anisahi—

(Simu imekatika.)