Shimo la Arobaini na Moja
Risala ya Akina Mama Wapishi wa Kambi ya Utafiti, Ruaruke, Agosti 1993

Mgeni rasmi, Mkuu wa Utafiti kutoka Dar es Salaam, karibu Ruaruke. Tumeona gari umeliacha barabarani ukatembea kama tunavyotembea sisi. Tumefurahi.

TULIVYOFAHAMIANA
Vijana wako walipofika mwezi wa sita walitueleza kazi yao. Wanachimba mashimo, wanalipua baruti humo, sauti inashuka ardhini, inagonga mwamba, inarudi, na mashine inaichora. Huko chini, walisema, kuna milima ya kale iliyokunjamana ikafukiwa. Bibi Johari, mtani wetu, mzaliwa wa Umatumbini kwenye vilima, akatucheka: "Wandengereko nyie, hata mlima wenu unajificha." Tukamjibu, "Afadhali wetu hatuupandi na kuni kichwani."

TULIYOFANYA
Tumewapikia watu ishirini na wanane, na hakuna aliyelala njaa. Kosa letu ni moja. Siku mbili mashine ilichora mtetemo usiojulikana. Wataalamu walikagua nyaya, wakazima jenereta, mtetemo upo tu. Bwana Zaidi, msimamizi wao, aliufuata mpaka uani, akamkuta Bibi Sihaba anatwanga mpunga wa chakula chao cha mchana. Hakumkaripia. Alisema, "Bibi, kumbe mlima wangu unautwanga wewe," akamsaidia kupepeta. Tangu hapo tunatwanga jioni, mashine zikishapumzika.

SHIDA YETU
Ni maji. Tunachota bwawani, mwendo wa saa nzima, na mamba wamo. Zena, mkwe wa Bibi Sihaba, anachechemea mpaka leo. Sasa shimo la arobaini na moja, nyuma ya madrasa, lilijaa maji kabla ya kutiwa baruti, likaachwa. Tumeyaonja. Hayana chumvi.

OMBI
Tumesikia kambi inaondoka kesho, na amri ni mashimo yote yafukiwe. Tunaomba hilo moja libaki, lipate kipande cha bomba, na maji yapimwe. Picha ya mlima ichukueni, ila mtuonyeshe kwanza.

Bwana Zaidi ameshafukia mengine yote. Hilo amelifunika kwa sinia letu la wali, na koleo ameliegemeza ukutani. Anangoja neno lako, nasi tunangoja naye.

Mwenyezi Mungu akufikishe salama kwa wanao. Chakula kiko tayari, na maji utakayonawa leo yametoka shimoni humo.

Ni sisi,
Akina Mama Wapishi, Ruaruke