Sindano Mbili na Uongo Wangu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Ushuhuda huu nimeuandika mara nne nikiogopa kukosea. Leo nausema kama ulivyo.

Nililima tumbaku katika shamba la kijiji chetu, Ntalikwa. Tulilima kwa mstari tukiimba, na aliyebaki nyuma aliitwa kupe, mnyonya jasho la wenzake. Ndugu zangu, niliogopa jina hilo kuliko dhambi! Maumivu yalipoanza kiunoni, yakashuka kama moto hadi kisiginoni, nilinyamaza. Misimu miwili! Tuta langu likipinda, nilirudi kulinyoosha huku machozi yakinitoka.

Hospitalini mjini, daktari aliniuliza maumivu yameanza lini, na kama yanashuka mguuni.

"Wiki mbili, daktari. Ni kiuno tu."

Nilitaka nionekane mchapakazi! Akanichoma sindano kwenye nyama za kiuno, akaniambia nipumzike. Kesho yake nikashika jembe. Sikupata nafuu yoyote. Nikamlaumu daktari, nikamlaumu na Mungu.

Mwezi uliofuata mguu ulikataa kabisa. Mama akanipeleka mwenyewe. Nilipoanza tena habari za wiki mbili, akanikatiza:

"Mwongo huyu! Anaburuta mguu tangu mavuno ya mwaka juzi. Tazama kiatu kilivyolika upande!"

Daktari akacheka. "Shikamoo, mama. Ungekuja wewe mara ya kwanza."

"Marahaba. Sasa mchome panapouma."

Nikakiri yote. Akanieleza kwamba sindano ya kwanza haikufika karibu na mshipa wa fahamu uliobanwa. Dawa husaidia zaidi maumivu yakiwa mapya, nami nimechelewa. Na nikirudi kuinama upesi, nitajirudisha nyuma. Hakuniahidi kitu. Sindano ya pili ilipoingia, karibu na mshipa huo, sikuombea mguu, niliomba ujasiri wa kusema siwezi.

Moto wa mguuni umetulia, asante Yesu! Kiuno bado kinauma asubuhi, na nimechoka, sitawadanganya. Lakini juzi msimamizi wa shamba aliponiita kulima, nilimjibu mbele ya wote, "Leo siwezi, mzee." Wakacheka. Mmoja akasema, "Kupe huyo!" Ndugu zangu, sikufa!

Wewe unayeficha maumivu, mwambie Mungu ukweli, na daktari umwambie mapema. Aliyenipokea mimi mwongo hatakufukuza wewe.

Sasa imbeni pambio, simameni wote. Mimi nitaimba nimekaa.